Kanga Kidevuni



Katika Mambo ya Walawi sura ya 13 kuna agizo tunalolipita haraka: mwenye ugonjwa wa ngozi alitakiwa aufunike mdomo wake wa juu na akae peke yake nje ya kambi. Nimelirudia wiki hii kwa ajili ya dada mmoja wa usharika wetu. Alikuwa akiimba sauti ya kwanza, safu ya mbele. Sasa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kanga imepandishwa hadi chini ya pua, na joto hili la Dar es Salaam tunalijua. Hakuna kuhani aliyemwagiza. Ameniruhusu niyaseme haya ili mwingine asiumie kama yeye.

Tangu usichana anaota ndevu. Madaktari walimwambia ni homoni, na wanawake wenye tatizo hilo ni wengi kuliko tunavyodhani, maana wanaficha. Kila alfajiri, kabla nyumba haijaamka, alinyoa kwa wembe. Vinyweleo vilivyokatwa vilijikunja na kurudi ndani ya ngozi, vikaleta vipele, na vipele vikaacha weusi. Zamu yake ya kupokea fedha za kikoba ilipofika, akaenda saluni moja iliyotangaza kuondoa nywele kwa leza.

Alivalishwa miwani ya giza, akapakwa jeli ya baridi. Kila mwanga ulipopiga alisikia kama amechapwa na mpira wa kufungia pesa, na harufu ya nywele zinazoungua ikamjaa puani. Aliposema anaungua, mhudumu alimjibu kwa methali: ukitaka uzuri sharti udhurike. Akavumilia. Siku chache baadaye kidevu kilikuwa na malengelenge, kisha mabaka meusi ya pembe nne, yenye umbo lilelile la kichwa cha mashine.

Ndipo maneno yakaanza. Kwamba Mungu amemwadhibu kwa kuchezea uumbaji. Nasema kwa uwazi mbele ya usharika wote: hilo si kweli. Leza hutafuta rangi. Mwanga wake hunaswa na weusi wa unywele, ukageuka joto, joto likaua shina. Lakini rangi hiyohiyo imo pia katika ngozi yetu, kwa wingi, na mashine isiyofaa huiunguza ngozi kabla ya kuufikia unywele. Ipo leza yenye mwanga wa mawimbi marefu zaidi, ya nanomita 1064, unaopenya chini na kuiacha ngozi ya juu kwa usalama zaidi. Hiyo ndiyo madaktari huipendelea kwa watu weusi. Dada yetu aliunguzwa na mashine isiyomfaa, katika mikono isiyofundishwa. Na maumivu yale yalikuwa onyo la kusimamisha kazi. Haikuwa haki kuyajibu kwa methali.

Wengine wameniuliza kulikuwa na haja gani. Mbona hawezi kuukubali mwili aliopewa? Swali hilo huulizwa na wenye videvu visivyotazamwa na mtu. Katika Marko 1, mwenye ukoma alipomjia Yesu, Bwana hakumuuliza kwa nini hakuridhika na hali yake. Alinyoosha mkono akamgusa, ugonjwa ukiwa bado juu ya ngozi, kisha ndipo akasema neno la kumtakasa. Mguso ulitangulia. Sisi tunangoja mtu atakasike kwanza ndipo tumsogelee.

Mkorogo wa kujichubua ngozi ni jambo jingine, na juu ya huo sibadiliki: krimu zenye zebaki huharibu figo, na hakuna ngozi nyeusi iliyo kosa. Lakini hata aliyejipaka mkorogo asikimbiwe.

Dada yetu sasa anatibiwa na daktari wa ngozi. Alijaribiwa leza kwanza sehemu ndogo chini ya taya, wakasubiri kuona ngozi inavyopokea. Anajikinga na jua. Homoni nazo zinatibiwa, maana leza hupunguza nywele bila kugusa chanzo. Mabaka yanafifia polepole. Ni kazi ya miezi.

Kwa mwenye tatizo kama lake: anza na daktari wa ngozi, saluni ingoje. Nchi yetu inao madaktari hao. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu tangu miaka ya 1990. Uliza mashine ni ya aina gani, na kama imewahi kutumika kwa ngozi kama yako. Sema kama una makovu yanayovimba. Ukiungua, waambie waache, na usione haya.

Na kwa wanakwaya: Jumatano jioni anarudi mazoezini. Mpisheni nafasi yake safu ya mbele, msalimieni kwa mkono, na habari za kidevu msimuulize.