Kamba Nyekundu Dirishani: Je, Kumkinga Kahaba ni Kubariki Dhambi?

Maandiko ya wiki: Yoshua 2:1–21, Yoshua 6:22–25, Luka 17:11–19



Jumapili iliyopita ujumbe ulikuwa juu ya Rahabu, na baada ya ibada maswali yalikuwa mengi kuliko muda. Swali moja lilirudi mara kadhaa. Je, kanisa linaweza kumsaidia mwanamke anayeuza mwili asipate virusi vya Ukimwi, na huku bado hajaiacha hiyo kazi? Wengine walisema ndiyo, hiyo ni huruma. Wengine wakasema hapana, ukimpa mtu kinga umempa ruhusa. Waliosema hivi na waliosema vile wote wanampenda Mungu. Kwa hivyo hebu tusiharakishe. Tulitazame swali lenyewe polepole.

TUNAMZUNGUMZIA NANI?

Kwanza tujue ni nani huyu tunayebishana juu yake. Ni rahisi kuhukumu mtu ambaye hatujamwona uso.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014, baada ya watafiti kuzunguka miji ya Kenya, yaliweka idadi ya wanawake wanaouza ngono mijini kuwa 103,298. Hiyo ni karibu wanawake 5 kwa kila 100 wa umri wa kuzaa wanaoishi mijini. Idadi hiyo haiwezi kuitwa watu wachache waliopotea njia. Ni kama mji mzima.

Na ni akina nani? Utafiti mwingi uliofanywa Nairobi, Mombasa na kwingine unarudia picha ile ile. Wengi ni mama wa watoto. Wengi waliwahi kuolewa wakaachwa, wakatengana au wakafiwa. Wengi masomo yao yalikatika mapema. Wengi wana kazi nyingine ya mchana: kufua nguo, kuuza mboga, kusuka nywele, na jioni hesabu ya kodi ya nyumba haitoshi. Si ati wote ni hivyo, lakini ukitegemea kukutana na mwanamke wa kwenye sinema utapita mbele ya yule wa kweli bila kumtambua. Pengine yuko kwenye chama kimoja na wewe.

Hapa kwetu Galbet jambo hili limejificha zaidi. Garissa si Nairobi. Baa ni chache, na mji ni mdogo, mtu akiingia mlango fulani habari inafika nyumbani kabla yake. Biashara hiyo hufanyika kwa simu, kwenye vyumba vya kupanga, kwenye lojing. Lakini barabara ya Nairobi inapita Mwingi na kuvuka daraja la Tana hadi kwetu, na kutoka hapa inaendelea Dadaab na mbele. Penye barabara kuna lori, na penye lori kuna wanaume waliolala mbali na nyumbani. Kuna pia watumishi wa serikali, wafanyabiashara na askari walioacha familia zao mbali. Haifai kila jamii mjini kusema, "Hao wanawake si wetu, ni wa wale wengine." Mungu hakumuuliza Kaini kabila la Habili.

NAMBA NDOGO ISITUDANGANYE

Kuna mtu atasema, "Lakini huku kwetu Ukimwi ni kidogo." Ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na virusi. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, na kaunti zetu za Kaskazini Mashariki zilikuwa miongoni mwa zile za chini kabisa. Tumshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini namba ndogo ina mzigo wake. Mahali ambapo wagonjwa ni wengi, mtu hukutana na mwenzake kwenye foleni ya dawa. Mahali ambapo ni wachache, yule mmoja anabaki peke yake, na aibu inamfunga mdomo. Na wastani wa kaunti hausemi lolote juu ya mwanamke mmoja. Utafiti uliofanywa Nairobi mwaka 2010 na 2011 ulikuta karibu wanawake 29 kati ya kila 100 wanaouza ngono wana virusi.

Tena kuna historia ya Majengo, Pumwani. Damu iliyokuwa imehifadhiwa ilipopimwa baadaye, ilionekana kwamba mwaka 1981 ni asilimia 4 tu ya wanawake waliokuwa kwenye biashara hiyo walikuwa na virusi. Mwaka 1985 walikuwa asilimia 61. Miaka minne tu. Namba ndogo haikai ndogo kwa sababu tu watu wanaona haya kuitaja.

Na ni hapo hapo Majengo ambapo jambo jema lilianza. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi wa Kenya, alienda kukaa na wale wanawake. Hakuwaita ofisini. Aliitisha mabaraza kwao, wakazungumza, wakachagua viongozi wao, wakafundishana wenyewe juu ya kondomu na matibabu ya magonjwa ya zinaa. Matumizi ya kondomu yalipanda sana, na maambukizi yakapungua miongoni mwa waliozitumia. Baadhi ya wanawake hao walikaa miaka mingi bila kuambukizwa, na damu yao imewafundisha wanasayansi mengi katika kutafuta chanjo. Dunia nzima ina deni kwa wanawake ambao majirani zao hawakutaka kuwasalimia.

JE, KINGA NI RUHUSA?

Sasa tufike kwenye hoja yenyewe. Wanaosema "kinga ni ruhusa" wana jambo la kweli mkononi. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, Paulo anatufundisha hivyo katika 1 Wakorintho 6. Uzinzi unaumiza. Kanisa likianza kuita giza nuru, litakuwa limewaibia hata hao wanawake, kwa sababu wengi wao hawahitaji kuambiwa kwamba hayo maisha ni matamu. Wanajua si matamu. Mwaka 1996 viongozi wa dini walichoma kondomu hadharani Nairobi, na hofu yao ilikuwa hii hii.

Lakini angalia hoja inavyotembea. Inasema: ukiondoa hatari, dhambi itaongezeka. Maana yake ni kwamba ugonjwa ndio mlinzi wetu, kwamba tunaiachia virusi kazi ya kuhubiri. Je, hilo ni fundisho la Kristo? Daktari akimfunga jeraha mlevi aliyeanguka na bodaboda, hajabariki pombe. Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza yule mtu kwa nini alipita peke yake njia yenye wanyang'anyi. Kukubali anachofanya mtu ni jambo moja. Kukataa afe ni jambo lingine. Tunaweza kufanya la pili bila kufanya la kwanza, na kila mzazi aliye na mtoto mkaidi anajua hivyo.

Zaidi ya hayo, maiti haitubu. Ukiamini kwa kweli kwamba Mungu anamwita huyu dada, basi kila mwaka unaoongezwa kwenye maisha yake ni mwaka wa neema.

MPANGILIO WA MUNGU KWA RAHABU

Rudi kwenye Yoshua 2. Nyumba ya Rahabu ilikuwa kwenye ukuta wa Yeriko. Wale wapelelezi hawakumwambia ahame kwanza, atakaswe kwanza, halafu ndipo apewe ishara ya kuokolewa. Walimwambia afunge kamba nyekundu kwenye dirisha la nyumba ile ile ambayo mji mzima uliijua kwa sifa yake, na awakusanye humo baba, mama na ndugu zake. Aliokolewa akiwa humo humo.

Kisha soma Yoshua 6. Alitolewa akiwa hai, akawekwa kwanza nje ya kambi, na baadaye akakaa katikati ya Israeli. Mathayo 1:5 inamtaja katika ukoo wa Bwana wetu. Ona mpangilio: uhai kwanza, kisha mahali pa kukaa, kisha jina jipya. Sisi mara nyingi tunaugeuza. Tunadai jina jipya kwanza, ndipo tumpe kamba. Leo duniani kote alama ya kupambana na Ukimwi ni utepe mwekundu. Sisemi waliouchagua walimfikiria Rahabu. Nasema tu kwamba mimi siwezi kuuona bila kulikumbuka lile dirisha.

Na kama unaogopa kwamba atapokea msaada halafu asibadilike, soma Luka 17. Yesu aliponya wenye ukoma kumi. Mmoja tu alirudi kushukuru. Bwana aliuliza wale tisa wako wapi, lakini hakuwarudishia ukoma.

NA MWANAUME YUKO WAPI?

Katika Mwanzo 38 Yuda alisikia mkwewe Tamari amepata mimba kwa ukahaba, akataka atolewe achomwe. Tamari akatoa muhuri, kamba na fimbo ya mwenye mimba. Vilikuwa vya Yuda. Ndugu zangu wanaume, biashara hii haina muuzaji bila mnunuzi, na mnunuzi hana alama usoni. Anaweza kuwa ameshika kitabu cha nyimbo.

Uchambuzi wa kitaifa uliotolewa 2009 ulikadiria kwamba maambukizi mapya 14 kati ya kila 100 yalitokana na wanaouza ngono na wateja wao. Lakini 44 kati ya 100 yalitokea ndani ya ndoa na uhusiano wa kudumu. Mke mwaminifu aliyekaa nyumbani naye amo katika hesabu hii.

Hapa lakini tuwe waangalifu. Wengine wanakubali kumkinga kahaba kwa sababu hii tu, ili asituletee ugonjwa. Wanamwona kama daraja ambalo virusi vinavuka kuja kwetu. Msaada wa namna hiyo ni mzuri kuliko kutosaidia, lakini si upendo bado. Mchungaji wa Luka 15 hakumtafuta yule kondoo mmoja ili asiwaambukize tisini na tisa. Alimtafuta kwa sababu alikuwa wake. Tumkinge dada huyu hata kama hakuna mtu mwingine atakayefaidika.

BASI TUFANYE NINI?

Hakuna anayesema kondomu zigawiwe madhabahuni. Kazi ya kliniki ifanywe na kliniki. Yetu ni haya.

Kwanza, tusisimame mlangoni. Mwanamke anayeenda kupima asikutane na macho yetu na midomo yetu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa na kutangaza hali yake. Muumini anayefanya kazi hospitalini akileta habari za wagonjwa kwenye kikundi cha maombi, amevunja sheria na amevunja imani, hata akisema "tumwombee".

Pili, tujue kinachopatikana, ili tukiulizwa tujibu. Kupima ni bure katika hospitali za serikali. Aliyehofia kuambukizwa, hata kwa kubakwa, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia, na akienda mapema zaidi ndiyo bora. Tangu 2017 kuna vidonge vya PrEP kwa asiye na virusi lakini yuko hatarini. Faida yake ni kubwa kwa sababu mteja hutoa pesa zaidi ili kondomu isitumike, na mama ambaye mtoto amefukuzwa shule kwa karo anashindwa kukataa. Kidonge anameza mwenyewe, haombi ruhusa ya mtu. Lakini hakizuii kaswende wala kisonono, kwa hivyo kondomu bado ina kazi. Aliye na virusi akimeza ARV kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na mama anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi.

Tatu, mtu asiambiwe aache dawa kwa sababu ameombewa. Tunaamini uponyaji. Yesu aliwaambia wale kumi wakajionyeshe kwa makuhani, ndio waliokuwa wakithibitisha wakati huo. Aliyepona, kipimo kitasema. Maombi hayagombani na dawa.

Nne, tufungue mlango wa kutokea. Kumwambia mtu "acha" bila kumwonyesha pa kwenda ni kumwambia alale njaa. Kina mama wa kanisa wana vyama, wana mitaji midogo, wana ujuzi wa biashara. Kiti kimoja kwenye chama kinaweza kuhubiri kuliko mikutano mitatu. Na hitaji limeongezeka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, vituo vingi nchini vilivyowahudumia wanawake hawa vilitikisika na vingine vikafungwa. Mgeni akiondoka, jirani ndiye hubaki.

Tano, akija ibadani, tusogee, akae. Asiulizwe ushuhuda siku ya kwanza.

Mpendwa, ujumbe wa toba haujabadilika na hautabadilika. Lakini anayehubiriwa lazima awe hai ausikie, na lazima awe na sababu ya kutuamini.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika Yoshua 2 na 6, ni nini kilitangulia: kuokolewa kwa Rahabu au kubadilika kwa maisha yake?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumkubali mtu na kukubali anachofanya? Toa mfano wa nyumbani kwako.
3. Mwanamke wa aina hii akimwendea mmoja wa ushirika wetu wiki hii na kumwambia siri yake, siri hiyo itakaa salama? Kama sivyo, ni nini kibadilike kwanza?

Bwana atupe macho yake na mikono yake. Amina.