Kitufe cha Nukta Tatu na Haki ya Kughairi

Ninaandika programu za kompyuta za mezani, na swali linalonikaa kichwani kazini ni la kidini: mtu aliyekusudia jambo kisha akaghairi, je, amelitenda?

Hunijia kila ninapoongeza kitufe kwenye jedwali la sifa katika Windows Forms. Kazi yenyewe ni fupi. Unarithi klasi ya UITypeEditor, unatangaza kwamba uhariri utafanyika katika dirisha lake, na pembeni mwa thamani kinatokea kitufe chenye nukta tatu. Mtumiaji akikibofya, mbinu ya EditValue ya klasi hiyo inaitwa na dirisha linafunguka.

Hapo ndipo penye uzito. Thamani ikiwa ni orodha, nawe ukalikabidhi dirisha orodha yenyewe badala ya nakala yake, kila kinachoguswa kinabadilika papo hapo. Tuseme ni orodha ya bei za dawa. Mtu anafuta mstari, anasita, anabofya Ghairi. Dirisha linafungwa, na mstari umeshapotea. Amehukumiwa kwa wazo alilokwisha kuliacha.

Waislamu tunafundishwa, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba anayekusudia ovu kisha asilitende huandikiwa jema kamili. (Ingetosha asiandikiwe kitu!) Mola mwenyewe anatenganisha kusudio na tendo, sembuse sisi tunaowatengenezea wenzetu vitufe? Kumnyima mtu nafasi ya kujirudi ni dhuluma, hata ndani ya kidirisha kidogo.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwandishi wa programu, nakili thamani kwanza. Mtumiaji aihariri nakala, nawe uipokee pale tu anapobofya Sawa. Akighairi, mrudishie ile ile aliyokuja nayo.