Nani Ataturudisha? Fikira juu ya karindula, ngoma ya Goa na usiku wa kilio

1. Swali letu

Methali ya Kiswahili inasema: ngoma ivumayo haidumu. Tumeifundisha darasani miaka mingi, na wanafunzi wameiandika katika madaftari yao bila kubisha. Siku moja kijana wa mwaka wa tano akanyoosha mkono: "Mwalimu, na karindula je? Inavuma tangu saa mbili ya usiku mpaka asubui, na haipasuke." Wenzake wakacheka. Sisi pia tukacheka, kisha tukakosa jibu.

Kijana huyo alitoa simu yake na kutusikilizisha muziki wa mashine, mwendo mmoja usiokoma, sauti ndogondogo zikizungukana kama nyuki. Akasema: "Inatoka Goa, kule India. Hii haiko karindula ya bazungu?"

Tangu siku hiyo maswali mawili hayatuachi. Je, ni vema muziki umtoe mtu katika akili zake? Na akishatoka, ni nani mwenye wajibu wa kumrudisha? Maswali haya si ya darasani tu. Sisi wenyewe yalitupata usiku, katika lupango ya jirani, na tutaeleza namna gani.

2. Usiku ule

Kijana mmoja tuliyemfundisha hapa Kolwezi aliacha masomo akaenda kuchimba kwa mikono, kama wengi wa umri wake. Shimo likamwangukia. Kilio kilifanyika katika lupango ya mama yake, karibu na kwetu. Marafiki zake wa shimoni walileta karindula, wakawasha moto, wakaanza.

Ilipopita saa sita ya usiku majirani walikuja kutugongea. Mmoja alikuwa na kazi ya asubuhi sana na alipaswa kuamka saa kumi. Mwingine alikuwa na nkambo mgonjwa ndani ya nyumba. Wakasema: "Mwende nyinyi, mwalimu anajua kusema." Tukaenda, tukasema kwa heshima, na vijana wakatii. Pakawa kimya.

Ndipo mama wa marehemu akatoka ndani, mahali wanawake walipoketi juu ya mikeka. Hakukasirika. Alisema tu: "Mwalimu, mbona munanyamazisha batoto? Bakinyamaza, minasikia udongo inaanguka."

Hatukuwa na neno. Tuliwaambia vijana waendelee, sisi tukaketi.

Lakini usiku ule ulikuwa na sehemu ya pili. Kabla ya mapambazuko mtoto mmoja, labda wa miaka kumi na sita, alianguka karibu na moto. Wenzake walimzunguka wakiruka na kupiga makofi, wakidhani mupepo umempanda. Kumbe alikuwa amekunywa lutuku tangu jioni bila kula bukari. Tulipouliza ni mtoto wa nani, hakuna aliyejua. Tulimbeba kwa pikipiki hadi kwa muuguzi, na kwa bahati alipona.

Hivyo usiku mmoja ulitufundisha mambo mawili yanayopingana. Muziki uleule ulimshika mama asizame, na muziki uleule ulificha hatari ya mtoto.

3. Mizizi

Watu wengi husema karindula ni fujo la vijana wa leo. Tusiharakishe. Jina lenyewe linavuka mpaka: ndugu zetu wa Zambia, hasa wa Luapula na Serenje, wana kalindula yao, iliyopata nguvu baada ya Rais Kaunda, katika miaka ya 1970, kuamuru redio ya taifa ipige karibu muziki wa Zambia peke yake. Huku kwetu ni chombo na ni aina ya muziki pia.

Lakini desturi ya kupiga mwendo mmoja mpaka mtu abadilike ni ya zamani kuliko jina hilo. Kwa Waluba kuna bulumbu. Kilumbu, yaani mwaguzi, hupandwa na mupepo ili aone yaliyofichika, na nyimbo za mapacha huimbwa pamoja na sauti za manyanga ili kuuita. Haingii peke yake: mke wake na wasaidizi wako kando yake, wanaimba, wanasikiliza na kumsaidia. Kusini yetu, kwa Wandembu wa Mwinilunga, mtaalamu Victor Turner alifanya utafiti kati ya 1950 na 1954, na mwaka 1968 akatoa kitabu juu ya ngoma za mateso. Alionyesha kwamba kwao neno moja hutaja ngoma inayopigwa na pia ibada ya kumponya mgonjwa. Hapo hupigi ngoma ili upitishe usiku. Unapiga kwa ajili ya mtu fulani, mwenye jina, ambaye jamii yake inataka arudi mzima.

Na Goa? Goa ni pwani ya magharibi ya India, iliyotawaliwa na Wareno hadi Desemba 1961. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 vijana wa Ulaya na Marekani, waliochoka na vita na maisha ya kwao, walikwenda kuishi kwenye fukwe kama Anjuna. Walicheza usiku wa mwezi mpevu, kwanza kwa gitaa na roki, kisha katika miaka ya 1980 kwa kaseti za muziki wa mashine. Mmoja wao, Mmarekani aliyejulikana kama Goa Gil, aliyefariki 2023, alifundisha kwamba dansi ya usiku mzima ni ibada ya kale iliyovaa nguo mpya. Katika miaka ya 1990 muziki huo ukapata jina la Goa na ukaenea London, Ujerumani, Japani na Israeli. Waisraeli wengi waliufuata Goa walipomaliza utumishi wa jeshi. Tunawaelewa. Kijana aliyetoka vitani na kijana aliyetoka shimoni wote wanatafuta mahali pa kuweka mzigo.

4. Namna unavyotengenezwa

Karindula hutengenezwa kwa pipa la mafuta lililokwisha kazi. Mdomo wake hufunikwa kwa ngozi ya mbuzi, huwekwa shingo ya mti na nyuzi nne, nayo inatoa sauti nzito ya besi inayosikika tumboni kabla ya masikioni. Pembeni kuna vibanjo vidogo na vitu vya kugonga. Besi inarudia njia moja. Mwimbaji anaweka juu yake habari za mtaa, majina ya wafu, matani na lawama. Wimbo mmoja unaweza kuendelea mpaka waimbaji wenyewe wasijue ulianza saa ngapi. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa sauti na picha za vikundi vya karindula vilivyorekodiwa Lubumbashi, na hapo ndipo wageni walianza kutusikia.

Muziki wa Goa hutengenezwa kwa vinanda vya umeme na kompyuta. Mapigo yake ni kama 140 hadi 150 kwa dakika, na kipande kimoja huchukua dakika saba, nane au zaidi. Kati ya vyombo vilivyotumika kuna mashine ndogo ya Kijapani, Roland TB-303, iliyotengenezwa tangu 1981 hadi 1984 ili imsaidie mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Biashara yake ilishindwa, ikauzwa kwa bei ya chini. Vijana wakaiokota, wakazungusha vifungo vyake namna ambayo waliyoitengeneza hawakufikiri, na sauti ile ya kulia na kujikunja ikazaliwa.

Tuangalie basi: pipa tupu na mashine iliyoshindwa sokoni. Tuongeze Konono N°1 wa Kinshasa, kikundi alichoanzisha Mingiedi Mawangu katika miaka ya 1960. Wao walitengeneza vipaza sauti kwa sumaku za magari makuukuu ili likembe isikike katika kelele za mji, na sahani yao Congotronics ya 2004 ilishangaza dunia. Mara nyingi muziki wa namna hii unazaliwa kutokana na vitu vilivyotupwa. Na sisi wa Kolwezi tunajua kwamba hata watu wanaweza kutupwa. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Watoto wa nyumba nyingi za namna hiyo ndio walioshika chepeo na nondo wakaingia mashimoni, na usiku wakashika pipa.

5. Namna ya kuusikiliza

Wapo wasomi wanaosema muziki wa kurudiarudia si muziki. Wanatutajia Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa nchi ya Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Katika wimbo Masanga gitaa moja linalia kama mawili. Sisi pia tunampenda Mwenda. Lakini yeye ni wa kuketi na kusikiliza, kila kidole na kazi yake. Karindula haiombi usikilize hivyo. Ukiipima kwa kipimo cha Mwenda utaona upungufu tu, kama anayepima maji kwa mita.

Katika karindula na katika Goa, sikio linachoka kutafuta jambo jipya, linakubali. Ndipo badiliko dogo, uzi mmoja ulioongezwa au sauti moja iliyoondolewa, linakuwa kubwa kama mlango uliofunguliwa. Hiyo ndiyo raha yake, nayo haipatikani kwa dakika tatu.

Wapo pia wanaosema ni mambo ya shetani. Tunawauliza kwa upole: mikesha yetu ya sala, ambamo pambio moja huimbwa nusu saa mpaka watu wanalia na kuanguka, ni kitu gani? Hatusemi ni sawasawa. Anayeitwa si mmoja. Tunasema tu kwamba mwili wa binadamu ni uleule, na njia ya kuufungua ni ileile. Basi kosa haliwezi kuwa katika kurudiarudia.

6. Tunavyohukumu

Kosa liko wapi basi? Tukirudi kwa kilumbu na kwa Wandembu tunaona mambo matatu ambayo wazee hawakuyaacha. Kwanza, ngoma ilikuwa na sababu iliyojulikana na wote. Pili, aliyepotea akili alikuwa na mtu wa kumlinda. Tatu, kulikuwa na mwisho: alirudishwa, akapewa maji, akaitwa kwa jina lake.

Tukipima Goa kwa vipimo hivyo, tunaona mema na mabaya. Mwenye kuchagua muziki aliwapeleka watu gizani na kuwarudisha jua likitoka. Huo ulikuwa mwisho wenye maana. Wanawake wa vijiji walitandika mikeka pembeni, wakawasha taa na kuuza chai, na mchezaji aliyechoka alipata pa kukaa. Lakini dawa za kulevya zilichukua wengi, na mgeni mwenye kucheza hakumwuliza mwenyeji aliyetaka kulala. Mwaka 2000 serikali ya India ilitoa kanuni za kuzuia vipaza sauti nje tangu saa nne ya usiku hadi saa kumi na mbili ya asubuhi. Sheria ile ilifanya kazi ambayo adabu ingeweza kuifanya mapema.

Tukipima karindula yetu, sababu tunayo: kilio ni sababu kubwa kuliko mwezi mpevu. Tunachokosa ni mlinzi. Tumehifadhi ngoma tukapoteza yule aliyesimama kando yake. Na hapa hatuwezi kuwalaumu vijana peke yao. Kazi ile ilikuwa ya wakubwa, nasi wakubwa tulibaki ndani, tukilalamika juu ya kelele. Usiku ule sisi tulitoka kwenda kunyamazisha. Hatukutoka kwenda kulinda. Kama tungekaa pale tangu saa mbili, tungalimwona mtoto yule na chupa yake.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwanafunzi ni hili: si vibaya muziki umtoe mtu katika akili zake kwa muda, maana kuna usiku ambao akili peke yake haiwezi kuuvuka. Vibaya ni kumtoa mtu na kumwacha njiani.

Baada ya kilio kile, wakubwa wa barabara yetu na vijana wa karindula waliketi pamoja. Walipatana mambo machache: kila usiku wa ngoma wawepo wakubwa wawili wasiokunywa, watoto wanaokuja bila ndugu waulizwe majina, majirani wenye wagonjwa waambiwe mapema, na kabla ya alfajiri besi ishuke, ziimbwe nyimbo za polepole, wanawake walete uji. Si mara zote tunashika maneno hayo. Lakini mara ya kwanza yalipofuatwa, aliyeketi kando ya moto na kuuliza kila mtoto, "Wewe ni wa nani?", alikuwa mama yule yule.