Daraja Jipya na Viumbe vya Kijito

Hakuna mtu wa Ufipa asiyejua thamani ya daraja. Nchi yetu ya juu imekatwa na vijito vingi. Vingine hushuka upande wa machweo hata Ziwa Tanganyika. Vingine hukusanyika katika mito kama Lwiche na Momba na kuingia Ziwa Rukwa. Wakati wa kiangazi mtoto aweza kuvuka kwa kukanyaga mawe. Lakini mvua zikianza mwezi wa Novemba, kijito kile kile humzuia mama mwenye uchungu wa kuzaa, na mgonjwa, na mwenye gunia la mahindi. Basi daraja bovu likibomolewa na jipya likijengwa, hiyo ni kazi ya kumpenda jirani, wala haifai mtu kuidharau.

Hata hivyo liko swali ambalo Mkristo hana budi kulifikiri. Chini ya daraja wanakaa viumbe: samaki wadogo, kaa wa mto, vyura, na kereng'ende ambao watoto wao hukulia majini kati ya mawe. Hawauzwi sokoni, wala hawana msemaji barazani. Je, twawiwa nao jambo lo lote? Au haja ya mwanadamu yafuta deni lote?

Kwanza tujue jinsi kazi hiyo inavyowaua, maana asiyejua dhara hawezi kuliepuka. Udongo unaochimbwa ukingoni hushuka majini. Tope hufunika mayai ya samaki na kuziba matamvua yao. Tena, maji yaliyogusa zege bichi hupata ukali kama wa maji ya majivu, na samaki hawawezi kuuvumilia. Dhara la tatu halionekani siku ile. Bomba la kupitisha maji likilazwa juu kuliko sakafu ya kijito, maji huanguka mdomoni mwake kama kwenye ngazi. Mvua zikija, samaki apandaye kwenda kutaga hufika hapo na kurudi. Hakuna aliyempiga, lakini uzao wake umekatwa, mwaka kwa mwaka.

Dawa za mambo hayo si za ajabu. Kazi ya majini ifanyike wakati wa kiangazi. Maji yageuzwe kwa viroba vya mchanga, nusu ya kijito kwa zamu, ili nusu nyingine iendelee kutiririka. Samaki waliobaki katika vidimbwi wakamatwe kwa nyavu na kuhamishiwa mahali penye maji. Zege lichanganywe mbali na ukingo. Bomba lilazwe chini kidogo ya sakafu ya kijito, au lisiwepo kabisa. Huko Kigoma TARURA imejenga madaraja ya mawe yenye umbo la upinde. Na upinde mmoja ukivuka kijito chote, mawe na mchanga wa chini hukaa kama vilivyoumbwa.

Huenda mtu atasema: “Mchungaji, watu hawana njia, nawe watuletea habari za vyura?” Nitamjibu kwa habari ya chura mmoja. Katika milima ya Udzungwa, penye maporomoko ya mto Kihansi, walikaa vyura wadogo waliozaa watoto badala ya kutaga mayai. Makao yao yote yalikuwa vipande vidogo vya nchi vilivyoloweshwa na rasharasha ya maporomoko. Walijulikana mwaka 1996, nayo kazi ya kujenga bwawa la umeme ilikuwa imekwisha kuanza. Maji yalipogeuzwa, rasharasha ilipungua. Ikawabidi watu kuweka mabomba ya kunyunyiza maji, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani ili uzao wao usiishe. Baadaye ugonjwa wa kuvu ulionekana kati ya waliobaki, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Sisemi kwamba umeme haukuhitajiwa. Nasema kwamba atazamaye kabla hulipa kidogo, na atazamaye baadaye hulipa sana, tena huenda asirudishiwe alichopoteza.

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mtu aliyekuta kiota njiani aliruhusiwa kuchukua makinda, lakini alikatazwa kumchukua na mama yao. Tazameni amri hii inavyopima. Haisemi kwamba ndege ni mkuu kuliko mtu mwenye njaa. Inatenga haja na tamaa: haja imeruhusiwa, tamaa imewekewa mpaka. Ndivyo ilivyo kwa daraja. Haja yetu ni kuvuka. Haja hiyo yaruhusu kuchimba msingi na kuhamisha mawe. Lakini kumwaga saruji majini si haja, ni uzembe. Na aliyekufa kwa uzembe wetu hakufa kwa ajili ya haja yetu.

Na ikiwa kumngojea samaki kutaifungia njia ya kijiji kwa mvua nyingine nzima? Hapo nakiri kwamba mwanadamu hutangulia. Lakini tuwe waangalifu na neno hilo, maana mara nyingi haraka ya Oktoba ni mtoto wa uvivu wa Mei. Asitoe udhuru wa maskini mtu aliyelala wakati wa kiangazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Daraja halina budi kuingia humo. Basi na wajengao waingie kama wageni katika nyumba ya mwingine. Nasi wa bonde la Rukwa tunayo sababu zaidi, kwa kuwa ziwa letu halina mto wa kutokea. Tunachokishusha hubaki humo, na baadhi ya samaki wa bonde hili hawana asili penginepo.

Kwa hiyo, ndugu, mkutano wa kijiji ukiitwa kwa habari ya daraja, wazee wa usharika wasiulize siku ya kumalizika tu. Waulize pia: Maji yatageuzwa namna gani? Zege litachanganywa wapi? Samaki atapita wapi wakati wa mvua? Maswali hayo hayamgharimu mtu kitu, nayo yakiulizwa mapema, fundi mwema atayajibu kwa furaha.