Bakuli la Mti

Katika hadithi walizozitoa Wajerumani wawili, Jakob na Wilhelm Grimm, mwaka 1812, imo habari ya babu mmoja aliyetetemeka mikono hata akamwaga mchuzi mezani. Mwanawe na mkaza mwanawe wakachukizwa, wakamketisha nyuma ya jiko. Naye alipovunja bakuli la udongo, wakampa la mti. Siku moja mjukuu wa miaka minne akawa akikusanya vipande vya mbao. Alipoulizwa, akajibu kwamba afanya kihori, baba na mama walie chakula humo atakapokuwa mtu mzima. Wakatoka machozi, wakamrudisha mzee mezani.

Walimu, wasimulieni watoto hadithi hii mfundishapo amri ya nne. Nasi wazazi tujiulize: mzee wetu ala wapi? Watoto watutazama.