Mvua Moja, Mizigo Mbalimbali

Injili yafundisha kwamba Mungu huwapa mvua watu wema na wabaya pia. Basi, kwa nini mvua ileile humwacha mmoja salama na kumwangusha jirani yake?

Yafaa kutazama Kasungami, pembeni mwa mji wa Lubumbashi. Tangu zamani mvua nyingi za Katanga hunyesha toka Novemba hata Machi. Lakini joto la dunia limezidi, hasa kwa sababu ya mafuta na makaa ya mawe yachomwayo na nchi tajiri, na majira hayategemeki tena kama zamani.

Mtu afikiri nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza mume ana mshahara. Maji yakibomoa ukuta, atanunua matofali mengine. Katika nyumba ya pili yumo mjane aliyetoka Kasai. Kwa kuwa ni mwanamke, ndiye aendaye mbali kuteka maji kisima kikikauka. Kwa kuwa ni maskini, nyumba yake ni ya matofali mabichi, nayo iko bondeni. Kwa kuwa ni mjane, ndugu za marehemu wamechukua shamba lake la mihogo. Kwa kuwa ni mgeni, hana jamaa wa kumpokea usiku ukuta ukianguka. Kila mzigo huuongezea mwingine uzito.

Je, Mungu amemwadhibu? Hasha! Mvua haikumnyang'anya shamba. Watu ndio waliomnyang'anya. Hata sheria ya jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Amfukuzaye avunja sheria ya nchi, tena avunja amri ya saba ya Mungu.

Ruthu naye alikuwa mwanamke, mjane, maskini, tena Mmoabu katika nchi ya ugenini. Torati iliwaagiza wenye mashamba wawaachie masazo ya mavuno mgeni, yatima na mjane. Boazi alishika agizo hilo, akazidisha.

Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si', alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja. Basi mkatekumeni aombaye mvua na ajiulize kwanza: shamba alimalo ni la nani? Kumpa mjane bakuli la unga, huku shamba lake limeshikwa, si sadaka. Haki irudishwe kwanza, ndipo sadaka ifuate.