Wapishi Nao Wana Krismasi



Wanangu, nimesikia tangazo kwamba mwaka huu chakula cha Krismasi hapa Mukendo, mkoani Mara, mmekabidhiwa ninyi vijana. Nimefurahi. Kwa miaka mingi mzigo huu wameubeba akina mama Wakatoliki wa WAWATA, na wengi wao sasa magoti yanawauma. Kwa kuwa mmekubali kupokea, niruhusuni niwape neno kabla hamjaanza kukusanya michango.

Neno lenyewe ni hili: mtu anayejitolea hana mshahara, kwa hiyo heshima ndiyo ujira wake. Wengi hudhani heshima hiyo ni makofi ya mwisho, paroko anaposema "tuwapongeze waliopika". Makofi ni mazuri, lakini yanachelewa. Heshima ya mtu wa kujitolea hupangwa mapema, kwa daftari na kalamu: ajue kazi yake ni ipi, anaanza saa ngapi, anamaliza saa ngapi, anakula lini, na nani anampokea akichoka. Msipopanga hayo, wachache watafanya kazi ya wengi, na mwakani hao wachache hawatakuja.

Basi anzeni na majina. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma habari za ugomvi wa chakula katika Kanisa changa la Yerusalemu. Wajane wa waumini waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa kwenye mgawo wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba, na majina yote saba yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki, na wasomaji wengi wa Maandiko wanaona hapo kwamba upande uliolalamika ndio uliopewa upawa.

Fanyeni hivyo hivyo. Yule aliyelalamika mwaka jana kwamba nyama haikufika kwenye turubai la nyuma, msimkwepe. Mwiteni, mpeni turubai la nyuma alihudumie yeye. Anajua pengo liko wapi kuliko ninyi.

Na kila kazi iwe na jina la mtu. Wanunuzi wawili, si mmoja, ili kila shilingi iwe na shahidi. Wa kuni na maji. Wa turubai na viti. Wapishi. Wapakuaji. Wa kupokea wageni getini. Wa kupeleka chakula kwa wagonjwa. Wa kuosha vyombo. Kwenye vikao vyetu kuna neno moja linaloua kazi nyingi, nalo ni "tutasaidiana". Kazi ikisemwa "tutasaidiana", ujue haina mwenyewe. Lakini jikoni mkubwa awe mmoja, maana nahodha wengi, chombo huenda mrama. Akisema chumvi inatosha, inatosha.

Mwaka mmoja, katika parokia ambayo siitaji, nilizunguka nyuma ya jiko saa kumi na moja jioni. Mbele ya kanisa kwaya ilikuwa ikiimba na vijana wanapiga picha. Nyuma alikuwapo mama mmoja aliyefika pale tangu saa tisa usiku. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria tupu katikati ya miguu yake, anakwangua ukoko kwa kijiko na kuutia mdomoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa na lengelenge la mvuke wa kifuniko. Akaniuliza, "Baba, wageni wote wamekula?" Nikamjibu, wamekula. Akaendelea kukwangua. Ule ukoko ndio ulikuwa Krismasi yake.

Wanangu, hilo lisitokee mikononi mwenu. Pilau ikiiva, hotipoti ya kwanza iwe ya wapishi na waosha vyombo. Ifunikwe, iandikwe, ikae mahali ambapo hakuna mkubwa wala mdogo wa kuigusa. Wazee wetu wa Mara walilijua jambo hili. Katika risaga ya Wakurya, aliyeita majirani kumlimia shamba aliwaandalia chakula na kinywaji, na siku jirani alipoita, naye alichukua jembe lake akaenda. Kumrudisha mlimaji nyumbani na njaa ilikuwa aibu ya mji mzima.

Wavulana, sasa nasema nanyi peke yenu. Kuosha vyombo ni kazi yenu mwaka huu. Masufuria ya kulisha umati ni mazito, yanataka mikono yenye nguvu, mchanga, majivu na maji mengi, na mikono hiyo mnayo. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama yetu, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 aliitumia methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kuonyesha kwamba katika jamii zetu kila mtu alitegemewa kufanya kazi. Katika sikukuu hii ninyi si wageni hata siku ya kwanza.

Baada ya majina, hesabu. Majilio yana Jumapili nne, na hizo nne zinawatosha. Ya kwanza, pateni idadi ya watu. Msikisie kwa kutazama mabenchi. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walipoazimia mwaka 1976 kuzijenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, hakuna anayezijua nyumba zetu kama viongozi wa jumuiya. Wao wanajua nani amefiwa, nani kalazwa, mzee gani anaishi peke yake, mpangaji gani hana nauli ya kwenda kwao. Kila jumuiya ilete idadi mbili: watakaokuja, na watakaopelekewa. Jumapili ya pili, michango ipokelewe na kuandikwa. Ya tatu, kodini viti, turubai na masufuria, mnunue mchele, mafuta na viungo kabla bei ya sikukuu haijapanda. Ya nne, kila kiongozi wa zamu asimame na watu wake, asome majina yao, nao waitikie.

Kwa pilau, kilo moja ya mchele hutosha watu wazima watano hadi sita, na nyama kadiri hiyo hiyo. Kwa mfano, watu 200 wanahitaji kilo 34 hadi 40 za mchele na kiasi hicho hicho cha nyama. Ongezeni kidogo juu yake, kwa sababu wageni wa sikukuu hawaandikwi wote. Mkitaka na samaki, nendeni Mwigobero mkaongee na wavuvi mapema. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika. Tazameni mwezi utakuwaje wiki ile kabla hamjamwahidi mtu dagaa wabichi.

Nunueni kwa fedha iliyo mkononi. Ahadi iliyo kwenye karatasi bado ni ya mwenyewe, na duka halipokei ahadi. Michango ikitosha maharage na wali, pikeni maharage na wali vizuri, watu wale pamoja. Kanisa lisiingie mwaka mpya likidaiwa ng'ombe.

Kumbukeni pia mnapika Mara. Katika nyumba moja hapa mjini utamkuta mama Mkatoliki, baba Mmennonite ambaye babu yake alibatizwa Shirati, ambako wamisionari wa kwanza wa kanisa lile walianza kazi mwaka 1934, shangazi Msabato, na ukuta kwa ukuta jirani Mwislamu. Hao wote watafika Krismasi, maana ndivyo tunavyoishi. Kwa ajili ya Wasabato, kambare na nguruwe visiingie jikoni. Sato na sangara wanakula. Kwa ajili ya Waislamu, mwombeni mmoja wao achinje, kama tunavyofanya kwenye harusi na misiba yetu. Msilione hilo dogo. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika hadi kumwaga damu, mchungaji mmoja akauawa. Sisi tunalo jibu rahisi la kuwaweka majirani mezani, nalo ni kumwita jirani ashike kisu.

Nije kwenye geti. Kadi ya mchango isigeuzwe tiketi. Nimewahi kumwona bibi mmoja amesimama nje ya geti la kanisa siku ya Krismasi, bakuli lake amelifunga ndani ya kanga, amelikumbatia kifuani. Aliogopa kuingia kwa sababu hakuwa ametoa mchango, na kijana wa getini alikuwa na orodha. Hakuna aliyemfukuza. Orodha tu ilimtosha kumsimamisha. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamwambia mwenye karamu awaalike maskini na vilema, watu wasio na cha kumrudishia. Basi wa getini wasikae na karatasi. Wakae na maji ya kunawa na neno la karibu.

Tena msingoje bibi wa namna hiyo aje kula tu. Mwendeeni mapema, mmwombe kazi. Asiye na shilingi ana mikono, ana macho ya kuchambua mchele, ana sauti ya kutuliza watoto. Mkimwandika kwenye daftari pamoja na wengine, ataingia getini kichwa juu, kwa sababu chakula kile kitakuwa chake pia. Kujitolea ni heshima, na maskini nao wana haki ya kuipata.

Na chakula kiwe kimoja. Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto, katika waraka wa kwanza, sura ya 11, kwa sababu kwenye mkusanyiko wao wengine walishiba na kulewa huku wengine wana njaa. Kwetu ugonjwa huo unaitwa meza kuu: kule mbele kuku na soda, huku nyuma wali mkavu. Wapeni viongozi viti vizuri, wapakulieni kwa adabu, lakini kutoka sufuria ile ile. Foleni ianze na watoto, wazee na wenye ulemavu.

Afya ya watu ni amana mliyopewa. Msipike pilau usiku wa mkesha mkaiacha hadi mchana. Wali uliokaa kwenye joto saa nyingi huota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto. Pikeni alfajiri, kwa zamu, ili chakula kifike mezani kingali cha moto. Maji ya ziwa, hata yawe meupe namna gani, yasiingie kwenye jagi la kunywa bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Kipindupindu kimeingia mkoa huu zaidi ya mara moja. Ndoo za bomba, kila moja na sabuni yake, ziwe mbili penye kuingilia na moja penye choo. Na kwa kuwa Desemba mvua za vuli bado zinanyesha, jiko nalo liwe na turubai lake. Huwa tunafunika wageni tukawaacha wapishi wanyeshewe.

La mwisho ni hesabu ya wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jumapili inayofuata Krismasi, mweka hazina asimame asome: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Asome na vitu pia, si fedha peke yake. Mama aliyeleta fungu la vitunguu asikie vitunguu vyake vimetajwa, kijana aliyebeba kuni asikie kuni zake. Halafu wasomwe waliofanya kazi, jina na kazi: huyu alikoroga, huyu alipakua, huyu alipeleka chakula Kamunyonge kwa wagonjwa. Hapo ndipo makofi yapigwe. Aliyetajwa kwa jina mwaka huu atakuja mwakani bila kuitwa. Na kama kulikuwa na kosa, lisemwe siku hiyo hiyo, bila kumwaibisha mtu, liandikwe ukurasa wa mwisho ili kamati ijayo ilikute.

Wanangu, Jumapili hii baada ya misa msitawanyike. Chukueni daftari, mstari katikati: kazi upande mmoja, majina upande wa pili, na saa ya kuanza na ya kumaliza mbele ya kila jina. Kazi ikikosa mtu, mtafuteni papo hapo kabla hamjafunga kikao. Mimi niandikeni kwenye kuchambua mchele, tarehe 23, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Nitakuja na ungo wangu.